Mtoto mtukutu ndiye hushukiwa kwanza: Funzo la filamu ya 1976

FILAMU za kutisha zinazolihusu Kanisa Katoliki zimerejea kwa kishindo. Mnamo Machi 2024, Immaculate ilianza kuonyeshwa nchini Marekani na wiki mbili baadaye ikafuatwa na The First Omen. Zote mbili zinasimulia masaibu ya wasichana wa Kimarekani waliokwenda Italia kuanza maisha ya utawa.

Hata hivyo, filamu iliyolitazama suala hili kwa jicho kali zaidi ilitoka karibu nusu karne kabla ya hizo, tena kwa fedha kidogo mno.

Alice, Sweet Alice ilionyeshwa kwa mara ya kwanza 1976, wakati huo ikiitwa Communion. Mwelekezi wake, Alfred Sole, aliyefariki Februari 2022, alikuwa msanifu majengo kutoka Paterson, mji wa viwanda katika jimbo la New Jersey, na huko huko kwao ndiko alikoipigia picha.

Bajeti yake haikufika dola nusu milioni. The Exorcist, iliyotoka 1973, ilikuwa imegharimu zaidi ya dola milioni 10.

Yamkini ukata huo ndio uliomfaa Sole. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kuunda pepo wa kutisha, alimtafuta mwovu wake miongoni mwa waumini wa kawaida.

Kisa chenyewe kinatokea 1961. Karen, dadake Alice, anauawa kanisani siku ya Komunyo yake ya Kwanza. Muuaji amevalia koti la mvua la manjano na kinyago. Alice, mwenye umri wa miaka 12, ana koti na kinyago kama hivyo.

Isitoshe, Alice ni mtukutu. Alimwonea wivu mdogo wake, hupenda kuwatisha watu na hana adabu kwa wakubwa. Shangazi yao anaposhambuliwa kwa kisu, anaapa kwamba aliyemdunga ni Alice. Mtoto huyo anapelekwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili.

Muuaji halisi ni Bi Tredoni, mama anayemtunzia nyumba Padri Tom. Bintiye alifariki siku ya Komunyo yake ya Kwanza, naye akajiaminisha kuwa watoto huadhibiwa kwa dhambi za wazazi. Wazazi wa Karen walikuwa wametalikiana, na mimba ya Alice ilitungwa kabla ya ndoa.

Hapa ndipo filamu hii inapoachana na The Exorcist. Katika filamu ile, uovu unatoka nje nao makasisi wanaitwa kuufukuza. Katika hii, uovu unapika chakula cha kasisi na kupiga magoti kila Misa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Ni kweli kwamba Sole hakumchora Padri Tom kama mtu mbaya. Ni mpole na anaipenda familia ya Alice. Kosa lake ni kutomchunguza aliye karibu naye zaidi, na kosa hilo linamgharimu maisha mbele ya altare, anapomnyima Bi Tredoni Komunyo.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Mnamo Agosti 2018, ripoti ya jopo la mahakama jimboni Pennsylvania ilisema zaidi ya makasisi 300 walihusishwa na unyanyasaji wa kingono wa watoto zaidi ya 1,000 katika kipindi cha miongo kadhaa. Ripoti hiyo iliwalaumu viongozi wa Kanisa kwa kujali zaidi kuepusha kashfa kuliko kuwalinda watoto.

Filamu ya Sole haizungumzii dhuluma za aina hiyo. Lakini inaonyesha mazingira yanayoziwezesha kuendelea: mtu mzima mwenye sifa ya uchaji hahojiwi, naye mtoto mwenye tabia ngumu hasadikiwi hata anaposema kweli.

Filamu inamalizika Alice akiondoka kanisani na mfuko wa Bi Tredoni wenye kisu. Hakuwa muuaji waumini walipomshuku. Sole anamwachia mtazamaji swali iwapo shaka yao sasa haijaanza kumfanya awe mmoja.