Mwili mmoja, kadi mbili

Leo siasa tuziweke pembeni, nataka tuongee minyoo. Ndiyo, minyoo. Usikimbie.

Naanza na mama yangu mdogo. Ana kadi mbili za kliniki. Moja ya CTC, Jumanne. Nyingine ya kisukari, Alhamisi. Hospitali ni ileile, milango miwili ya korido moja. CTC wanampima virusi, sukari hawamuulizi. Kwenye sukari hasemi kwamba ana VVU. Mwezi uliopita nilimsindikiza nikamuuliza kwa nini hamwambii yule daktari. Akanijibu, "Baba, nikimwambia na hilo atanirudisha Jumanne."

Nilicheka, halafu nikaona haichekeshi.

Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka mashavu yake yalivyoingia ndani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kwenye mchanganyiko aliopewa yeye ilikuwemo stavudini. Ilimwokoa, sibishi. Lakini dawa ile iliyeyusha mafuta ya usoni, mikononi na miguuni, tumbo likabaki. Mtaani hawakuhitaji kuambiwa kitu, walimsoma usoni. Enzi hizo vijana walikuwa wanasema "kakanyaga miwaya". Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziachane na stavudini kwa sababu ya madhara yake.

Leo anameza tembe moja kwa siku, yenye dolutegravir, ambayo Tanzania ilianza kuisambaza kwa wingi 2019. Ni dawa nzuri kuliko zote alizopitia. Na kanenepa. Majirani wanamsifia, "umependeza mama!", maana kwetu kunenepa ni cheti cha uzima, hasa kwa mtu waliyekwisha kumzika midomoni. Utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka huohuo wa 2019 ulionyesha kwamba waliotumia dolutegravir waliongezeka uzito kuliko waliotumia efavirenz, na wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Simwambii mtu aache dawa, jamani, tusielewane vibaya. Nasema apimwe sukari na presha palepale anapochukulia dawa.

Tena dawa si mshitakiwa pekee. Hata virusi vikifubazwa mpaka kipimo kisivione, kinga ya mwili haitulii kabisa. Inabaki kwenye tahadhari muda wote, na hali hiyo huchakaza mishipa ya damu na moyo taratibu.

Hapo ndipo minyoo inapoingia, maana nayo huiweka kinga kwenye tahadhari. VVU hushambulia chembe za CD4, na huingia kwa urahisi zaidi kwenye zile zilizokwisha amshwa na ugonjwa mwingine. Kule Kyela, Mbeya, watafiti waliwafuatilia watu kwa miaka kadhaa, wakachapisha matokeo 2016: wenye maambukizi ya minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Soma tena. Matende, ugonjwa wa mbu, ambao sisi wa mjini tunaufanyia utani wa mabusha.

Na kichocho je? Ukisikia neno hilo unamfikiria mvulana wa darasa la nne anayekojoa damu. Dada zake wanaoga maji yaleyale. Mayai ya kichocho cha mkojo hayaishii kwenye kibofu, mengine hunasa kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Yanachubua, yanatoa damu, na CD4 zinakusanyika hapohapo. Umoja wa Mataifa unakadiria wanawake na wasichana milioni 56 wana tatizo hili, wengi wao Afrika. Utafiti wa vijijini Zimbabwe, mwaka 2006, ulikuta uwezekano wa kuwa na VVU kwa wanawake wenye vidonda hivyo ni karibu mara tatu ya wenzao. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo sisemi kichocho kinaleta Ukimwi. Nasema binti mwenye mlango uliochubuka anastahili kutibiwa, kwa hesabu yoyote ile.

Anatibiwa? Anafika zahanati, anatokwa na damu baada ya tendo. Anaandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa. Hazisaidii. Anarudi, anaulizwa ana wanaume wangapi. Pengine hana hata mmoja wa pembeni. Alioga bwawani tu akiwa na miaka tisa. Kampeni za praziquantel zimezoea kuwafuata watoto wa shule, yeye ana miaka 23. Na mayai yakishaacha makovu, dawa inaua minyoo lakini makovu yanaweza kubaki. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2022 kwamba kwenye jamii ambako kichocho kimeenea dawa itolewe hata kwa watu wazima. Basi ipelekwe CTC na kliniki za uzazi wa mpango, wanawake wako kule kila siku!

Watasema kuchanganya huduma kutaharibu CTC. Jibu lipo, na ni la nyumbani. Utafiti uliofanyika kwenye vituo 32 vya Tanzania na Uganda, ukachapishwa 2023, uliwaweka wagonjwa wa VVU, kisukari na presha kliniki moja, foleni moja. Udhibiti wa virusi haukushuka. Na kwenye foleni moja hakuna anayejua jirani yako kafuata nini.

Nilipompelekea mhariri wangu wazo hili alisema nigawe habari mbili: ya Ukimwi isubiri Desemba 1, ya minyoo isubiri kampeni. Kumbe hata gazeti lina milango miwili. Ndiyo maana unaisoma hapa.

Alhamisi namsindikiza tena mama mdogo. Tumekubaliana atabeba kadi zote mbili na kuziweka mezani kwa pamoja. Daktari akimwambia arudi Jumanne, nitakuwa nimekaa pale nje.