Mama Kanali mmoja hatoshi

Mtoto mwanamke anapoharibiwa mu kambi ya wachimbaji, mara mingi wakubwa wanakaa chini, wanahesabu feza na mbuzi, na maneno yanaishia palepale. Sisi wa Haut-Lomami, kuanzia Kamina mpaka Malemba-Nkulu, tunaijua desturi hiyo. Lakini sheria haijui mbuzi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema: mwenye kubaka mtoto anafungwa miaka 7 mpaka 20.

Basi kwa nini mashtaka hayafiki? Kwa sababu mama anayepeleka binti yake ku polisi anaogopa kukuta paka wanaume ku meza, na moja kati yao anacheka.

Ndiyo maana tunataja kazi ya Kanali Honorine Munyole, ile watu wanaita « Maman Colonelle ». Kule Bukavu aliongoza kikosi cha polisi cha kulinda watoto na kuzuia ubakaji. Halafu akahamishwa Kisangani. Kule wanawake walimujia na vidonda vya Vita ya Siku Sita, vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana mu mji. Alikuta pia watoto wenye kushtakiwa uchawi. Mkongomani mwenzetu Dieudo Hamadi alitengeneza filme juu yake, ikaonyeshwa Berlin mwaka 2017.

Tuangalie vizuri. Mama huyu hakuwa na feza ya kulipa wale wote. Aliomba raia wachange. Nguvu yake ilikuwa mavazi ya polisi pamoja na sikio lenye kusikiliza. Ni vile watu walifungua kinywa.

Lakini alipotoka Bukavu, bamama wa kule walihuzunika sana. Kazi yenye kusimama juu ya mtu mmoja inaondoka pamoja na valizi yake.

Katiba yetu, artikle 14, inaahidi usawa wa wanaume na wanawake mu kazi za Serikali. Kwetu usawa huo una maana ya kuonekana kwa macho: polisi mwanamke karibu na kariere, chumba chenye mlango wa kufunga, na pikipiki yenye esansi.

Hayo tunaomba wakubwa. Ingine ni yetu sisi wenyewe: siku watatuletea mbuzi ku nyumba, tuirudishe.