Lifti ya satelaiti ni nafuu, lakini vyuma vyake vinaangukia wapi?

Desemba 30, 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa takriban mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Kwa bahati, hakuna aliyeumia.

Shirika la Anga la Kenya (KSA) lilifika, likaichukua na kueleza kuwa tathmini ya awali inaonyesha ni kipande cha roketi. Vipande vya aina hiyo, lilisema, kwa kawaida hutengenezwa viungue vinapoingia kwenye anga la dunia, au viangukie baharini. Hiki hakikuungua, na Mukuku hakuna bahari.

Mukuku pia hakuna kituo cha kurushia roketi, kama ambavyo hakuna Sumbawanga. Watani wa Wafipa watasema Sumbawanga ina usafiri wake wa anga tangu zamani, ule wa ungo, na haudondoshi chuma. Utani tuuache. Habari ya Makueni inaihusu Tanzania moja kwa moja, kwa sababu Tanzania nayo iko njiani. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alisema nchi imeanza mchakato wa kurusha satelaiti yake. Na kama itakuwa satelaiti ndogo kama za majirani, njia ya bei nafuu inajulikana: kupanda roketi ya kuchangia.

Basi la alfajiri

Mfumo wenyewe si mgeni kwa mtu anayesafiri kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya. Hukodi basi zima. Unakata tiketi ya siti yako na kulipia mzigo wako. Basi lina saa yake na njia yake; ukichelewa linakuacha, na dereva hapindi kona kwa ajili yako. Roketi ya kuchangia ni hivyo hivyo. Satelaiti zote zinashushwa kwenye mzingo uleule au inayokaribiana, na mwenye satelaiti ndogo hana sauti kwenye ratiba.

Januari 2021 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilibeba satelaiti 143 kwa mkupuo mmoja. Miaka minne kabla yake India ilibeba 104. Bei ya SpaceX wakati ule ilikuwa dola milioni 1 kwa mzigo wa hadi kilo 200. Fedha nyingi, ndiyo, lakini roketi nzima ingegharimu makumi ya mamilioni.

Kenya ilipanda basi hilo Aprili 15, 2023. Satelaiti yake, Taifa-1, iliondoka kituo cha Vandenberg, California, ndani ya roketi ya Falcon 9 ikiwa na abiria wengine kadhaa. Safari ilikuwa imeahirishwa mara kwa mara siku zilizotangulia. Gharama ya mradi ilitajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya. Rwanda na Uganda zilipita njia nyingine: satelaiti zao ndogo, RwaSat-1 ya 2019 na PearlAfricaSat-1 ya 2022, zilipelekwa kwanza Kituo cha Kimataifa cha Anga pamoja na mizigo mingine, kisha zikaachiwa kutoka huko.

Ufipa itapata nini?

Swali hili viongozi hulipita haraka. Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Kujua mapema kama mahindi ya Nkasi, Kalambo na Sumbawanga Vijijini yamestawi au yamekauka kungesaidia kupanga ununuzi na maghala. Ziwa Rukwa nalo halina mto wa kulitoa maji, hivyo maji yake hupanda na kushuka kulingana na mvua, na kingo zake zinafaa kutazamwa kutoka juu.

Lakini kuna jambo la kulisema wazi. Uwanda wa juu wa Ufipa una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na ndio wakati mahindi yapo shambani. Ndio wakati mawingu nayo yamelala juu ya milima ya Mbizi. Kamera ya kawaida, kama ile iliyo kwenye Taifa-1, haioni kupitia wingu. Anayeona ni rada, na satelaiti za Ulaya zenye rada, pamoja na zile zenye kamera, zinatoa picha zake bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo kama lengo ni mahindi peke yake, hesabu ya kwanza ingekuwa kuajiri vijana wa kusoma picha ambazo tayari zipo. Satelaiti yetu wenyewe ina faida nyingine, hasa kufundisha wahandisi na kuchagua wenyewe pa kupiga picha. Hiyo ni faida halali. Ila isiuzwe kwa mkulima wa Laela kama ndiyo itakayomwokoa.

Roketi inarudije?

Unafuu wa tiketi unatokana kwa sehemu na jambo ambalo miaka kumi na tano iliyopita lingeonekana kichekesho: roketi inarudi. Hatua ya kwanza ya Falcon 9, yaani ile sehemu ndefu ya chini yenye injini tisa, huachana na sehemu ya juu baada ya dakika mbili na nusu hivi, hugeuka, huwasha injini tena na kutua wima kwa miguu minne. Mara ya kwanza ilifanikiwa Desemba 2015. Ile iliyoipeleka Taifa-1 ilirudi kutua palepale Vandenberg, dakika kama nane baada ya kuondoka.

Je, ikikosea? Hapa kuna akili ya kupendeza. Inaporudi nchi kavu, roketi haielekezwi kwenye uwanja wake tangu mwanzo. Inaelekezwa baharini, na injini ya kutulia ikishawaka vizuri ndipo inasogezwa kwenye uwanja. Kukiwa na hitilafu kabla ya hapo, itaangukia maji.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba 5, 2018 huko Florida. Pampu ya haidroliki inayoendesha mapezi ya kuiongoza iligoma, roketi ikaanza kuzunguka kama pia, na mwisho ikatua kwenye maji karibu na pwani. Hakuna aliyeguswa. Agosti 2024 nyingine ilianguka na kuwaka moto juu ya jukwaa lake baharini. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikasimamisha safari kwa siku chache. Na wakazi wa pwani ya California hupewa taarifa kabla, kwamba wanaweza kusikia mshindo roketi inaporudi.

Kwa hiyo jirani wa uwanja wa roketi analindwa: ana tangazo, ana eneo lililofungwa, ana mamlaka ya kuuliza maswali. Tatizo ni sehemu zinazofika juu zaidi.

Vinavyobaki juu

Hatua ya pili, ile inayozisukuma satelaiti hadi kwenye mzingo, hairudi kutua. Utaratibu mzuri ni kuiwasha injini tena na kuishusha kwa makusudi kwenye bahari isiyo na watu. Utaratibu huo ukishindikana, inazunguka hadi ianguke yenyewe, popote chini ya njia yake. Februari 2025 vipande vya hatua ya pili ya Falcon 9 viliangukia karibu na Poznań, Poland, baada ya injini kukataa kuwaka kwa ajili ya kushuka.

Na ile pete ya Mukuku? Wafuatiliaji wa anga wa Ulaya wamesema huenda ni sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa 2008, na kifaa wanachokishuku ni kile kinachotumika kupakia satelaiti mbili kwenye roketi moja. Kama wako sahihi, Makueni iliangukiwa na kiti cha lifti iliyopita miaka 16 kabla.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kikamilifu kwa madhara yake ardhini, bila kuthibitishwa uzembe. Umewahi kutumika: satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, ilianguka Kanada Januari 1978 ikiwa na mtambo wa nyuklia, Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za nchi hiyo, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. Lakini ili udai, lazima kwanza ujue chuma ni cha nani.

Kuna kifungu kingine ambacho wanunuzi wa tiketi wanapaswa kukisoma mara mbili. Kwa mkataba huo, “nchi inayorusha” ni pamoja na nchi iliyogharamia urushaji, hata kama roketi si yake na uwanja si wake. Siku Tanzania ikikata tiketi, itakuwa mdai mtarajiwa na mdaiwa mtarajiwa kwa wakati mmoja. Mkataba wa siti unatakiwa useme nani anabeba bima, hatua ya pili itashushwa wapi, na satelaiti yenyewe itaungua baada ya muda gani.

Na kama chuma kikianguka kesho kwenye shamba la Nkasi, simu ya kwanza pengine itakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha polisi. Watoto wasikiguse na fundi wa vyuma chakavu asikikate: baadhi ya matangi ya vyombo vya anga hubaki na mabaki ya haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Makueni, polisi walilinda eneo na KSA ikaja kulichukua chuma lao. Sumbawanga, namba ya kupiga baada ya ile ya polisi bado haijabandikwa popote kijijini.