Kama Ni Ukomunisti, Waanze Wao

Siku hizi kodi ya chumba ikipanda tu, hakosekani kijana wa kijiweni wa kutuambia kwamba dawa ni ukomunisti. Nyumba zitakuwa za umma, hakuna wa kukudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Matibabu bure, shule bure, na umeme hautakatika maharage yakiwa jikoni. Sisi tunakunywa kahawa yetu na kuguna. Nani asiyeyataka hayo? Tatizo letu ni kwamba tuliwahi kuonjeshwa kidogo, na upande tulioonjeshwa sisi ulikuwa wa foleni.

Nyerere mwenyewe hakuuita ukomunisti, aliuita ujamaa. Azimio la Arusha la Februari 1967 likasema njia kuu za uchumi zimilikiwe na wakulima na wafanyakazi. Wakulima ni sisi, wafanyakazi ni sisi. Kwa hiyo benki zikawa zetu, viwanda vyetu, na mwaka 1971 hata majumba makubwa ya mjini yakawa yetu, chini ya Msajili wa Majumba. Matajiri wa kiasi hicho, halafu jaribu kuomba chumba bila kumjua mtu!

Na sukari je? Mwanzoni mwa miaka ya 80, vita vya Kagera vimekausha hazina na mafuta yamepanda bei, ikisikika tu kwamba duka la ushirika limepokea mzigo, mstari unaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mama mwenye mtoto mchanga anaweka jiwe limshikie nafasi, anakimbia nyumbani kunyonyesha. Akirudi anakuta jiwe limesogezwa nyuma, hapo ugomvi. Saa nne mlango unafunguliwa nusu. Muuzaji ni kijana mdogo, lakini wazee wenye mvi ndio wanaomwamkia shikamoo, maana kilo yao ya sukari iko mkononi mwake. Mche wa sabuni unakatwa vipande. Ukifika kaunta unaambiwa imekwisha. Imekwisha wapi, na magunia tumeyahesabu yakishushwa? Mlango wa nyuma nao ulikuwa na foleni yake, fupi, ya watu wenye vimemo.

Tusisahau na kuhamishwa. Kati ya 1973 na 1976 wenzetu waliacha migomba na mikorosho yao, wakapelekwa vijiji vipya ambavyo hawakuulizwa viwe wapi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi wakubwa walikamatwa, ndiyo, lakini hata mwenye kibanda na katoni mbili za sabuni hakupata usingizi, na watu wakatupa bidhaa vichakani usiku. Mwaka huohuo ikaja Nguvukazi: huna kitambulisho cha kazi mjini, rudi ukalime.

Fadhila tunazikumbuka. Watoto walisoma bila ada, na bibi zetu walijifunza kuandika majina yao katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Tena Azimio lilikuwa na kipande kimoja kilichowauma wakubwa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kipande hicho ndicho tulichokipenda kuliko vyote. Februari 1991 wakubwa walikutana Zanzibar wakajiondolea masharti hayo, na sisi tukasikia redioni kama taarifa za hali ya hewa.

Ndiyo maana tunapouwazia ukomunisti wa leo, tunaona ule upande wetu tu ukirudi. Foleni itahamia kwenye simu: utaomba namba ya mgao wa unga, utajibiwa mtandao uko chini, rudi kesho. Balozi wa nyumba kumi atakuwa na orodha ya kaya, na jina lako litakuwa limekosewa herufi moja. Kutaundwa kamati ya mgao, na kamati ya kuisimamia kamati ya mgao, zote mbili zikilipwa posho za vikao. Shamba la bibi litakuwa mali ya umma. Lile la mheshimiwa litaitwa shamba la mfano.

Basi vijana wetu, kama mnawajua wanaouleta, wapelekeeni masharti yetu. Waanze wao. Mshahara mmoja, bila posho ya kukaa kitini. Watoto wao wasome shule za kata pamoja na wetu. Wakiugua wapange mstari zahanati, waandikiwe dawa na kuambiwa wakanunue nje. Nyumba za kupangisha wazikabidhi kwanza, kabla hawajagusa kibanda cha mtu yeyote. Wakikaa hivyo mwaka mzima bila kuandikiana vimemo, watuitishe mkutano, na kura tutawapigia kwa mikono yote miwili. Wakikataa, watuache na mwenye nyumba wetu. Yule angalau tunaruhusiwa kumsengenya.