Mabaki ya Ndege na Hesabu ya Nyumbu

Kijana asikiapo kwamba porini kuna mabaki ya ndege ya zamani ya kijeshi, hutamani kufunga safari ya miguu akayaone. Hamu hiyo ni njema, na mwalimu hana sababu ya kuizima. Ila yafaa iulizwe: akishafika mbele ya bati lililokunjamana, atatazama nini? Asipokuwa na swali, atarudi na kipande cha aluminiamu mfukoni. Na kama ndege ile ilibeba mabomu yasiyolipuka, huenda asirudi kabisa.

Kwa shule za Mwandoya, wilayani Meatu, mfano wa kufaa uko jirani, Serengeti. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wataalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, waliwahesabu wanyama wa mbuga hizo kutoka angani. Walitumia Dornier Do 27, aina ya ndege ambayo nyingi zake zilinunuliwa na majeshi ya Ujerumani Magharibi, kwani huruka polepole na kutua mahali pafupi. Yao ilipakwa rangi ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuanzia hapo. Ikichukuliwa kuwa tumbusi ana uzito wa kilo 7, na ndege yaenda kilometa 200 kwa saa, nishati ya mgongano hufikia jouli 10,800 hivi. Hiyo ni sawa na nishati ya gunia la kilo 50 lililodondoka kutoka urefu wa meta 22.

Lakini mabaki makubwa ya ndege ile si chuma, bali ni hesabu. Akina Grzimek walipata wanyama 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Tarakimu hizo zaonekana kamili hadi mnyama wa mwisho, na hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1961 hesabu iliyotumia picha za angani ilitoa nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na ndama wengi hufa. Uzazi peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo. Ni dhahiri kwamba hesabu ya kwanza iliwakosa wengi.

Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Safari hii ongezeko lilikuwa la kweli, na chanzo chake kilikuwa nje ya hifadhi. Ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakiizunguka Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka. Virusi vikakosa makao, na mnamo 1963 ugonjwa ukatoweka miongoni mwa nyumbu, ambao wenyewe hawakuchanjwa. Mwaka 2011 ulimwengu mzima ulitangazwa kuwa huru na sotoka. Kwa hiyo mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye sindano ana fungu lake katika wingi wa nyumbu, ingawa ni nadra kutajwa.

Hesabu za namna hii si mchezo, kwani mipaka ya ardhi hujadiliwa kwa kuzitegemea. Mwaka huohuo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Serengeti, na Wamaasai waliokuwa Serengeti wakahamishwa. Anayeishi kando ya hifadhi asipojua namna idadi ipatikanavyo, ataipokea kama amri.

Basi mwalimu asiishie kuwapeleka vijana kutazama mabaki. Awapeleke pia mahali ng'ombe wanywapo maji, makundi mawili yasimame mbalimbali, yahesabu kundi lilelile kwa dakika chache, kisha yalinganishe majibu. Majibu hayatalingana. Kijana atakayeuliza kwa nini hayakulingana ndiye aliyeanza sayansi.