Bahari Ndani ya Kioo: Mchanga Kwanza, Samaki Mwisho

Ndugu msomaji, juma hili nakuletea kosa nililolifanya mwenyewe, hapa hapa Muheza, mbele ya watoto wangu. Nakusimulia ili wewe usilirudie.

Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amekwenda Tanga kumtembelea shangazi yake. Aliporudi alikuwa na hamu moja tu: samaki wa baharini, wale wadogo wa rangi rangi, tuwaweke nyumbani katika sanduku la kioo. Mimi nilikuwa nimeuza machungwa vizuri mwaka ule, nikasema haya, si jambo kubwa. Nikanunua kioo. Nikachota mchanga wa mto, nikautia ndani vile vile. Nikaleta madumu ya maji ya bahari kwa basi, na samaki wanne katika ndoo. Kazi yote ilikwisha kwa siku moja, nikajiona fundi.

Siku ya nne asubuhi samaki wote wanne walikuwa wanaelea ubavu ubavu. Mtoto aliwatazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, “Baba, tumewaua sisi?”

Nilitaka kumwambia kwamba samaki hufa tu. Lakini mzazi akisema uongo mdogo mbele ya mtoto, kesho atasema mkubwa. Nikajibu, “Ndiyo, mwanangu. Tumewaua sisi, kwa haraka yetu.” Basi tukaanza upya, safari hii kwa kuuliza wanaojua. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kioo na mahali pake

Usinunue kioo kidogo ukidhani ndiyo rahisi. Maji machache huharibika upesi na kupata joto upesi. Anza na lita 100 hivi. Lakini kumbuka, lita 100 za maji ni uzito wa kilo 100 na zaidi, sawasawa na gunia zima la mahindi, tena bado hujahesabu kioo na mchanga. Meza ya kuandikia ya watoto haiwezi. Tengeneza meza ya miti migumu, uiweke mahali pasipopigwa na jua, maana hatari yetu sisi watu wa pwani si baridi bali joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe na kufa. Ikiwa bahari yenyewe iliugua, kioo chako je?

Mchanga

Umesikia watu wakisema fulani analala usingizi wa pono. Pono ni yule samaki mwenye mdomo kama wa kasuku. Usiku pono wengine hujifunika utando wa ute, wakalala humo kama mtu ndani ya chandarua. Mchana huuma matumbawe na mawe ili kula vijani vilivyoota juu yake, na yale mawe huyasaga kooni, kisha huyatoa nyuma yakiwa unga mweupe. Mchanga mweupe unaousifu pwani, sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka.

Mchanga huo wa matumbawe ndio unaotakiwa. Sababu yake ni hii: uchafu wa samaki huyafanya maji yawe makali kidogo kidogo, kama maziwa yanavyochacha. Mchanga wa matumbawe ni wa asili moja na chokaa. Huyeyuka polepole sana, ukapunguza ukali huo. Mchanga wa mto hauna dawa hiyo, na huku kwetu huja na udongo mwekundu.

Kuutambua ni rahisi. Weka mchanga kidogo katika kisahani, ukamulie ndimu. Ukiona mapovu madogo, ni wa matumbawe. Ukikaa kimya, ni wa mto, utumie kujengea.

Usiuchukue mahali popote. Waulize viongozi wa kijiji cha pwani na maofisa wa uvuvi. Mchanga una kazi yake. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na miti, na kasa wakija kutaga mayai. Miti ilikatwa, bahari ikala ardhi, na tangu miaka ya 1980 pamebaki fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Ndoo moja haimalizi pwani, lakini uchukue ndoo hiyo kwa ruhusa.

Ukiupata, uchekeche kuondoa kome na taka, uoshe kwa maji baridi mara nyingi, mpaka maji yatoke meupe. Uanike juani ukauke. Utandaze ndani ya kioo, unene wa vidole viwili au vitatu. Lakini konzi moja usiioshe, ila iweke katika maji ya bahari tangu pwani mpaka nyumbani. Hiyo ndiyo hamira yako, na sasa hivi nitakueleza kwa nini.

Maji

Chota maji yanapojaa, mbali na bandari na mbali na mdomo wa mto. Wakati wa masika usichote, maana Zigi na mito mingine huteremsha matope. Tumia madumu ya plastiki yasiyowahi kutiwa mafuta wala dawa ya shamba. Chombo cha shaba au cha bati kisiguse maji hayo, kwani madini hayo huwadhuru viumbe wa bahari.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Weka alama kwenye kioo mahali maji yalipofika. Yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi, si ya bahari. Yanayoruka hewani ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ukiongeza maji ya bahari kila siku, utakuja kuwapika samaki katika chumvi. Maji ya bomba yalaze kwanza siku moja katika ndoo wazi ili dawa iliyomo itoke.

Kungoja

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Ndugu mkulima, wewe wajua samadi mbichi huunguza mche, lakini ikikaa ikaiva huustawisha. Kioo nacho sharti kiive.

Samaki akinya, hutoka sumu iitwayo amonia. Baharini hutawanyika, lakini ndani ya kioo hurundikana. Wako vijidudu, visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi juu ya mchanga na mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia vizuri zaidi. Vijidudu hivyo vimo katika ile konzi ya mchanga usiooshwa. Vipe chakula kidogo, kipande cha kamba kitoshacho ncha ya kidole, kisha uvingoje viongezeke. Muda wake ni juma la nne mpaka la sita. Ukiweza kupata vipimo vya maji katika duka la mjini, usitie samaki mpaka amonia na nitriti visionekane kabisa.

Wakati wote huo mashine ndogo ya kupulizia hewa iwe inafanya kazi. Na kwa kuwa umeme hukatika, tafuta ile inayotumia betri iwe akiba. Mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika jinsi alivyofuga samaki wa bahari kwa mawe yenye uhai, maji ya bahari na mapovu ya hewa tu, bila mitambo mingi. Watu walishangaa, lakini siri yake ndiyo hii hii: waachie vijidudu kazi yao.

Mawe usiyavunje baharini. Tumbawe hukua polepole mno, na lililovunjwa kwa dakika moja huenda mjukuu wako asilione likirudi. Matumbawe hai yahitaji pia taa za gharama kubwa. Mwaka wa kwanza yaache huko huko yaliko.

Samaki

Kabla ya posa wazee huuliza maswali. Nawe kabla ya kumchukua samaki uliza matatu: Anakula nini? Atakuwa mkubwa kiasi gani? Anapatana na nani?

Kipepeo ni mzuri kuliko wote, lakini wengine wa jamii yake hula nyama ya matumbawe tu. Kwako atakufa njaa huku chakula kimemzunguka. Chewa mdogo anapendeza, ila kesho atawameza wenziwe. Bunju huchekesha watoto akivimba, lakini meno yake hukata, na nyama yake ina sumu. Pono anataka mwamba mzima, usimfunge.

Anayefaa kuanza naye ni yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mikanda myeupe, anayeishi baharini katikati ya mnyama anayefanana na ua lenye mikono. Hata bila ua hilo aweza kuishi. Hula kamba aliyekatwa vipande vidogo, hakui mkubwa, hukaa wawili wawili. Ajabu yake ni kwamba wote huanza wakiwa madume, na aliye mkubwa katika nyumba hugeuka jike. Umtie pia kaa mdogo mmoja, yule ajifichaye ndani ya gamba la konokono, afagie mabaki.

Muulize mvuvi alivyowakamata. Aliyetumia baruti au utupa usinunue kwake hata akikupa bure. Tanga inaijua hasara ya baruti, ndiyo maana mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa kuhifadhi pwani, ukihusisha na vijiji vya Muheza, kabla Mkinga haijawa wilaya peke yake. Wala usichukue kitu ndani ya Hifadhi ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009.

Ukifika nyumbani, usimmwage samaki. Mtie katika chombo, ongeza maji ya kioo kidogo kidogo kwa muda wa saa moja, kisha umhamishe. Mpe chakula anachomaliza kwa dakika mbili. Ngoja majuma mawili kabla ya kuongeza mwingine.

Basi, sisi tulingoja majuma sita. Kila jioni mtoto aliketi mbele ya kioo kisicho na samaki, majirani wakatucheka: “Mwafuga maji?” Siku ya kwenda kuchagua ilipofika, mvuvi alikuwa na ndoo mbili, na katika moja kulikuwa na kipepeo wa manjano. Nilimwona mwanangu anavyomtazama. Fedha nilikuwa nazo, nikanyamaza.

Mwisho akasema, “Huyu kwetu hatakula.” Akachukua wawili wadogo wa rangi ya machungwa, akamwomba mvuvi amrudishe yule wa manjano majini. Mvuvi alicheka, lakini akamrudisha.

Wale wawili wangali hai. Haya, msomaji wangu, mpaka juma lijalo. Na kama umekwisha kununua kioo, leo usilete ndoo ya samaki. Anza kuchekecha mchanga.