Kigoma Ilipigwa Mabomu, Nani Alikuambia?

Muulize mwanachuo yeyote kuhusu MV Liemba, atakujibu haraka: meli ya Mjerumani, ilizamishwa, ikaibuliwa, ikarudi majini 1927. Sawa. Sasa muulize habari za ndege zilizokuja kuitafuta. Kimya.

Juni 1916 Wabelgiji walirusha ndege kutoka upande wa Kongo, wakavuka Ziwa Tanganyika na kuangusha mabomu bandarini Kigoma. Zilikuwa ndege nne aina ya Short 827, za kuazima kutoka jeshi la majini la Uingereza. Usifikirie ndege za leo. Mwili ni mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, injini moja ya nguvu za farasi 150, watu wawili ndani. Badala ya magurudumu zilikuwa na maboya, maana kiwanja chake ni maji. Ziwa letu mnalijua likichafuka, kwa hiyo kambi iliwekwa kwenye maji yaliyotulia, mbali na mawimbi makubwa.

Shabaha yao ilikuwa Graf von Götzen, ndiyo hiyo Liemba. Marubani walirudi wakisema wameipiga. Lakini bomu halikuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 26, 1916, baada ya kupaka mashine zake grisi ili zisioze.

Hoja yangu ni hii: ndege zile hazikufika ziwani kwa kuruka. Zilikuja vipande vipande, kwa meli, reli, mto na mabega ya watu. Jina la rubani Behaeghe limo vitabuni. Waliobeba mizigo ya vita hii, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Na wavuvi na wachuuzi wa Kigoma na Ujiji waliosikia mlio ule angani, nani aliwauliza waliona nini?

Hatuwezi kuwauliza tena. Wajukuu wao wapo, ila nao wanazeeka. Wewe unayesoma historia na bado unahangaika na mada ya utafiti, acha kunakili ya mwenzako wa mwaka jana. Likizo hii panda treni ya Reli ya Kati mpaka mwisho wa reli, kaa barazani Ujiji, msalimie mzee, kisha nyamaza umsikilize.

Tusipoandika sisi, wataendelea kuandika wenye ndege.